Nilivyojipachika Utani Kwenye Tanga la Kipa

Jamani, hili jambo nilipanga kufa nalo. Lakini rafiki yangu Saidi ameshalisimulia kwa nusu ya Buzebazeba, na kila akilisimulia anatia chumvi mpya, juzi nimesikia eti nililia nikagaragara chini (sikugaragara, nilipiga magoti tu, tena kwa muda mfupi), kwa hiyo nimeona bora niliseme mwenyewe kama lilivyokuwa, mnicheke mara moja, yaishe. Aibu niliyoipata siku ile hata adui yangu simwombei, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenisukuma, niliifuata mwenyewe kwa mdomo wangu.

Kwa asiyenifahamu, naitwa Shabani, fundi cherehani, na mbele ya banda langu pale Buzebazeba kuna mabenchi mawili na birika la kahawa, yaani kijiwe, ambapo kila Jumamosi alasiri tunabishana mpira mpaka adhana ya magharibi itutawanye. Na sisi hatubishani timu bora, hiyo tumewaachia watoto, maana kwenye timu bora kila mtu anamtaja tajiri anayemjua, basi, mjadala umekwisha. Sisi tunabishana timu mbovu kuliko zote zilizowahi kucheza ligi ya watu wanaolipwa mshahara. Huyu ataleta timu ya Ulaya iliyoshuka daraja wakati wenzake bado wana mechi kibao mkononi, yule ataleta timu ya nchi jirani iliyosafiri kwenda ugenini ikasahau viatu, mwingine atakuapia kwamba ipo timu ilifukuza makocha mpaka dereva wa basi akapewa filimbi. Yote tunayapima, tunayakataa, tunamiminiwa kahawa nyingine.

Mimi pale wananiita Profesa kwa sababu moja tu, jibu langu halijawahi kubadilika. Ziwa Rangers. Timu yetu wenyewe, ya hapa hapa Kigoma, iliyopanda ligi kuu mara moja nikiwa mtoto wa darasa la pili, ikakaa msimu mmoja, ikashuka, ikafa. Hoja yangu ni kwamba timu isiyopendwa na mtu haiwezi kuitwa mbovu, hiyo ni hasara tu kama hasara nyingine, timu mbovu ya kweli lazima iwe imependwa na mji mzima, halafu ikauvunja moyo mji huo mzima Jumapili baada ya Jumapili, na bado Jumapili inayofuata mji ukaja tena uwanjani umevaa nguo safi. Hapo hakuna timu ya Ulaya inayotufikia.

Na tuliipenda, msiulize. Wakisafiri kwa treni kwenda mechi za ugenini tuliwasindikiza stesheni na ngoma kama watu wanaokwenda kuoa, na siku wakirudi tuliwapokea na ngoma zile zile, ingawa matokeo tulishayasikia redioni na kila mtu pale stesheni anajua kwamba wamefungwa. Baba yangu (Mungu amrehemu, alikuwa akinunua dagaa Katonga na kuwapeleka bara) alinibeba mabegani kila mechi ya nyumbani ili nione, na mimi kutoka kule juu sikuwa namwangalia mshambuliaji wala kocha, nilikuwa namwangalia kipa. Yule kipa tulimwita Mlango Wazi, jina lake halisi watoto hatukulijua wala hatukulihitaji. Kabla mpira haujaanza alikuwa akienda kwenye nguzo ya kushoto, anaishika kwa mikono miwili, anainama na kuitikisa kwa adabu kama mtu anayemwamkia mkwe wake, kisha anakwenda kwenye nguzo ya kulia anafanya vivyo hivyo. Halafu mpira ukija anapiga kelele, "Wangu!" uwanja mzima unamsikia, na mpira unapita.

Siku ya mwisho ya msimu tulikuwa tumeshashuka na siku hiyo tukafungwa tena, watu wakabaki wamesimama tu hawajui waende wapi, na baba akanishusha chini akaniambia, "Wapigie makofi mwanangu, wamechoka hawa." Tukapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Mlango Wazi alipita karibu yetu ameshika glovu zake kwapani, ameinamisha kichwa, na sikumwona tena. Tukaambiwa amehamia Bujumbura kwa aibu, tukaamini, maana enzi zile Bujumbura ndiko tulikokuwa tunawapeleka watu wote tusiojua walipo.

Sasa mwaka huu, kipindi cha mvua, asubuhi moja nimekaa kwenye cherehani, Saidi akaja amevaa kanzu. Akaniambia kaka wa mwenye nyumba wake amefariki, Mzee Ramadhani, muuza mawese wa Ujiji, amezikwa tayari na leo wanaanua tanga. "Twende tukatoe mkono wa pole, tukae kidogo, turudi. Peke yangu naona aibu," alisema. Mimi huyo marehemu nilikuwa simjui hata kwa kusikia, lakini kwetu msiba hauulizi unamjua nani, nikafunga banda, nikavaa kanzu na mimi, tukashuka Ujiji.

Tulikuta watu wengi. Wanaume tumekaa uani kwenye mikeka chini ya turubai la bluu lililofungwa kwenye nguzo nne za miti (mvua ya usiku ilikuwa imeliachia tumbo la maji pale katikati, na nakumbuka niliwaza kwamba mtu angelisukuma kwa mti maji yamwagike, lakini mgeni hapangi mambo ya nyumba ya watu), wanawake wamekaa upande wa pili barazani, na harufu ya wali wa nazi imejaa kila mahali. Mwenye nyumba wa Saidi, Mzee Hamisi, mdogo wake marehemu, akatupokea pamoja na kundi la wageni wengine kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, karibuni," na hapo hapo akamtuma Saidi akafuate magunia ya mkaa. Nikabaki peke yangu na watu nisiowajua.

Jirani yangu pale mkekani akaniambia kwamba kuna tatizo. Ukoo wa marehemu una utani na ukoo mmoja wa Kalya, kule kusini mwa ziwa, tangu enzi za babu wa babu zao, na kwao tanga halianuliwi mpaka mtani aje, amwige marehemu mbele ya watu, aseme mabaya yake yote hadharani, watu wacheke, ndipo mikeka ikunjwe na mjane aanze kuhesabu siku zake za eda akiwa na moyo mweupe. Mtani mzee anaumwa, kamtuma mwanawe ambaye pale hakuna anayemjua sura, na boti ya kutoka Kalya ilitakiwa kufika tangu alfajiri. Wali umeiva, shehe ana hitima nyingine ya kwenda kusoma, watu wananong'ona kwamba basi tuanue tu hivyo hivyo, lakini mjane, Bi Mwasiti, amegoma. "Kasema mume wake haondoki kimya kimya kama mwizi," yule jirani alinong'ona. "Usiku kucha hajalala, anauliza boti tu."

Nikamwonea huruma, kweli kabisa. Nikasema moyoni Mungu amlete huyo mtani haraka.

Tukasubiri. Na nyie mnajua wanaume wakikaa msibani muda mrefu, baada ya kuulizana bei ya dagaa na kulaumu mvua, mpira lazima uje. Mmoja akasema jana kaangalia mechi ya Ulaya na timu aliyoiona ndiyo mbovu kuliko timu zote zilizowahi kuwepo duniani. Mimi jamani sentensi ile ikinipita nisiijibu naumwa. Nikamjibu taratibu kwanza, nikiwa nimekaa, kwamba hapana ndugu yangu, hiyo ina siku mbaya tu. Akabisha. Mwingine akaingia na timu yake. Nikajikuta nimepiga magoti kwenye mkeka, mkono mmoja juu, natoa ile hoja yangu ya mji kuvunjika moyo, na watu wanatikisa vichwa kwa kukubali, wanasogea, wananong'onezana, na mimi badala ya kujiuliza wananong'ona nini nikadhani nimewakamata kwa elimu.

"Na Ziwa Rangers yote hiyo," nikasema, "ubovu wake ulikuwa na makao makuu, nayo yalikuwa golini. Mlango Wazi! Yule hakuwa kipa, yule alikuwa mpokea wageni. Mpira unabisha hodi, yeye anaitikia karibu!"

Vikombe vya kahawa vikabaki hewani. Mzee Hamisi akaweka kikombe chake chini polepole, akaniuliza, "Umemsemaje?"

Mimi (hapa ndipo huwa natamani ardhi inimeze hadi leo) nikadhani mzee hakusikia vizuri kwa sababu ya umri, na utani wangu nimeupenda, nikaurudia kwa sauti kubwa zaidi, tena nikaongeza na mikono.

Kutoka barazani ikaja sauti ya mwanamke, imekwaruza kwa kulia siku tatu. "Yeeh! Kumbe mtani ameshafika na mnanificha?"

Vigelegele vikalipuka upande wa wanawake. Watu waliokuwa wamenikazia macho wakaanza kucheka kwa kushusha pumzi, mwingine akanipiga bega, "Tangu ulivyoanza nilijua tu!" na mimi katikati ya kelele zile akili ikaanza kuniingia kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi. Mlango Wazi hakwenda Bujumbura. Alikuja hapa Ujiji akauza mawese, akaoa, akazaa, akazeeka, akafa, na mimi nimekaa kwenye mkeka wake, nasubiri kula wali wake, namtukana.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusimama na kusema, samahanini jamani, mimi si mtani, mimi ni fundi cherehani wa Buzebazeba, nimemtukana marehemu wenu bure kwa sababu ya ujinga wangu. Ya pili ilikuwa kuitikia kwa kichwa. Bi Mwasiti alikuwa amesimama kwenye ukingo wa baraza, mwanamke mdogo wa umbo, khanga imefungwa mpaka kidevuni, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha namna ambayo, naapa, ilikuwa vigumu kuufunga. Nikaitikia kwa kichwa. Nikasema, "Nimefika, mama."

"Kutoka Kalya?" akauliza Mzee Hamisi.

"Kutoka Kalya."

"Boti ilikuwaje?"

"Mawimbi," nikasema. Uongo wangu wa tatu ndani ya dakika moja, na mimi ni mtu ninayeswali.

Kuanzia hapo sikuwa na miguu yangu tena, nilikwenda ninakopelekwa. Nikaletewa kiti. Nikaletewa paja la kuku peke yangu wakati shehe mwenyewe bado hajanawa. Halafu binti mkubwa wa marehemu, Zaituni, mama wa makamo, akatoka ndani ameshika kwa mikono miwili jezi ya njano iliyopauka na glovu zilizoshonwa kwa ngozi ya kiti cha gari, akanikabidhi. Nilizigeuza zile glovu. Nilikuwa sijaziona tangu nilipokuwa mabegani kwa baba, na zilikuwa ndogo kuliko nilivyozikumbuka.

Nikaivaa jezi juu ya kanzu (ilinibana kwenye tumbo ikagoma kushuka, watu wakacheka, nikaona basi angalau hapo nimefaulu), nikaanza kumwiga. Na lile ndilo jambo la ajabu, nilikuwa naweza. Miaka yote ile ya kubishana kijiweni, kumbe nilikuwa nafanya mazoezi. Nikatembea kama yeye, magoti yamekunjwa kidogo, mabega mbele. Nikapiga kelele, "Wangu!" nikauacha mpira wa hewani unipite, nikageuka kuutazama wavuni kwa mshangao kama mtu aliyeona jina lake gazetini. Wanaume wakalala chali kwenye mikeka. Bi Mwasiti alikuwa anacheka huku anafuta macho kwa pindo la khanga, anasema, "Ni yeye! Wallahi ni yeye huyo!" na mimi, niseme ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza, nikaanza kunogewa. Nilisahau kabisa kwamba mimi ni mwongo. Nilijiona ni mtani halali, tena mtani hodari kuliko watani wote wa ziwa hili.

Ndipo mtu mmoja akapaza sauti, "Salimia nguzo!"

Wote wakaitikia, salimia nguzo, salimia nguzo, na Bi Mwasiti akasema kwa sauti ndogo ambayo niliisikia vizuri, "Hata mlango wa chumbani aliusalimia hivyo hivyo kila jioni, mpaka juzi." Sasa kwa maneno kama hayo mtu utafanyaje? Nikaenda kwenye nguzo ya kushoto ya turubai, nikaishika kwa mikono miwili, nikainama, nikaitikisa kwa adabu. Makofi. Nikaenda kwenye nguzo ya kulia, na kwa kuwa nilikuwa nimepanda mzuka nikataka kumaliza vizuri, nikaikumbatia na kuitikisa kwa moyo wangu wote.

Kamba ilifyatuka. Nguzo ikaja na mimi. Yale maji ya mvua ya usiku kucha yaliyokuwa yametulia juu ya vichwa vyetu yakateremka kwa mkupuo mmoja, kwanza juu ya shehe, kisha juu ya Mzee Hamisi na wazee waliokaa naye, na yaliyobaki yakaingia kwenye sinia mbili za wali zilizokuwa ndio zinatua mkekani. Turubai likafuata nyuma ya maji na kuwafunika. Nikabaki nimesimama peke yangu kwenye uwanja mweupe wa jua, nimelowa, nimekumbatia mti, nimevaa jezi ya marehemu. Chini ya turubai sauti za wazee zilikuwa zinamtaja Mungu kwa namna mbalimbali.

Na kabla sijafungua mdomo, pale kwenye uwazi wa uzio akasimama mtu mwembamba, begi begani, suruali imekunjwa mpaka magotini. "Asalaam aleikum. Ndiyo hapa kwenye tanga la Mzee Ramadhani? Mimi ndiye mtani wenu wa Kalya. Mtuwie radhi, boti ilitufia njiani."

Nyuma yake akaja Saidi na gunia la mkaa kichwani. Akanitazama juu mpaka chini. "Shabani," akasema, na sauti yake ilisikika mpaka barazani, "unafanya nini na jezi ya watu?"

Sijawahi kutazamwa na macho mengi namna ile, na sitaki tena. Nikaiacha nguzo. Ndipo nikapiga magoti, kwenye matope, na nikasema yote: jina langu, banda langu, kijiwe, Bujumbura, kwamba sikujua. Nilisema haraka haraka kama mtoto aliyevunja chungu.

Mzee Hamisi alikuwa ametoka chini ya turubai, kofia yake imelowa na kushuka mpaka kwenye nyusi, na hakuwa na haraka yoyote. "Ngoja nikuelewe," akasema. "Mtani akimtukana kaka yangu, hiyo ni heshima. Hiyo kazi yake. Lakini yale maneno ya kwanza, ya mpokea wageni, uliyoyasema kabla hatujakuita mtani. Yale ulikuwa unayasema kwa dhati?"

Hapo ndipo palikuwa na aibu yenyewe, wenzangu. Maji, wali, turubai, yote yale yalikuwa mchezo. Nikatafuta uongo wa nne sikuupata.

"Kwa dhati, mzee," nikasema. "Nimeyasema miaka yote."

Bi Mwasiti alikuwa amekaa chini pale pale barazani, khanga imerudi kidevuni, na ule uso uliokuwa umefunguka ulikuwa umejifunga. Niliona kwamba nimemharibia. Alisubiri siku tatu mume wake achekwe kwa heshima, na alipocheka akagundua kumbe anamcheka mumewe pamoja na mpita njia. Ningeweza kulipia wali na turubai, lakini kicheko kile nisingeweza kumrudishia.

Yule mtani wa kweli alikuwa bado amesimama na begi lake, ameangalia kila mmoja wetu kwa zamu. Akalitua. Akaja mpaka nilipopiga magoti, akanizunguka mara moja kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Nimesafiri usiku kucha nimelowa," akawaambia watu, "nikijua nakuja kumsema kipa mbovu kuliko wote kwenye ziwa hili. Nafika nakuta kuna mbovu zaidi yake! Mtani wangu Ramadhani angalau alifungwa na washambuliaji. Huyu kafungwa na turubai!"

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akashindwa kujizuia.

"Ramadhani," akaendelea, sasa anaelekeza sauti barazani, "umeona sasa ulivyo mchoyo? Umekufa, umeacha nafasi wazi, mtu kajaribu kuishika hata saa moja hajamaliza! Kumbe kazi ya kufungwa ilikuwa inataka ufundi, na sisi tukakudharau! Mwasiti, huyu bwana wako alikuwa fundi, alitudanganya wote!"

Na Bi Mwasiti akacheka. Kwanza kidogo, halafu akaachia, na wanawake waliomzunguka wakaachia naye, na mpaka shehe akiwa anakamua kanzu yake alikuwa anatabasamu chini ya ndevu. Yule mtani akanipa adhabu pale pale: nibebe begi lake, nimmiminie maji ya kunawa, nisimamishe nguzo nilizoangusha, na kila atakalosema la kumsema marehemu mimi niitikie "naam, na mimi zaidi." Nikaitikia mpaka koo likakauka. Alimsema marehemu kwa uchoyo wa mawese, kwa kukoroma, kwa kuogopa paka, na mimi nyuma yake, naam, na mimi zaidi. Alipomaliza akashika ncha ya mkeka wa kwanza, akaukunja, na tanga likaanuliwa.

Watu walipokuwa wanatawanyika nilikwenda barazani kumrudishia Zaituni ile jezi. Nilikuwa nimeisuuza kisimani na kuikunja kifundi, hilo angalau najua. Nikamwambia dada, naomba unisamehe, na unisaidie kumwomba mama. Aliipokea, akaitazama.

"Mimi nilikujua tangu ulipoingia," akasema. "Nilijua si mtani."

Nikamuuliza kwa nini basi alinipa jezi.

"Pale Buzebazeba, mama lishe aliyepakana na banda lako alikuwa mteja wa baba. Kila Jumamosi alikuwa anampelekea dumu la mawese, halafu anakaa upande wa pili wa yale mabati yanayotenga banda lako na la mama lishe, mpaka magharibi. Mara nyingine nilimfuata huko. Mlikuwa hamumwoni, lakini yeye aliwajua wote kwa sauti. Wewe alikuita yule wa Rangers." Akaipapasa jezi. "Akirudi nyumbani namuuliza, vipi leo baba? Ananiambia, leo wamenitaja. Anakula, anacheka peke yake. Zile Jumamosi mlizokuwa mnashinda mkibishana timu za Ulaya tu, alikuwa anarudi kimya, anaacha chakula."

Nilishukuru, nikaomba ruhusa, nikapanda mpaka Buzebazeba kwa miguu nimelowa, Saidi anaongea njia nzima na mimi simsikii. Nilikuwa nahesabu. Nahesabu zile Jumamosi tulizozipoteza kwa timu za Ulaya.

Basi, niliapa siku ile na naapa tena mbele yenu: msiba wa mtu nikienda nitakaa, nitakula nilichopewa, na nikiulizwa mimi nani nitajibu mimi nani. Lakini kijiwe sijakiacha. Kila Jumamosi, hata mada ikiwa nini, naisimamisha, nawaambia jamani timu mbovu kuliko zote ni Ziwa Rangers, na golini alisimama Ramadhani, muuza mawese wa Ujiji, na nalisema jina lake kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa. Wenzangu wananiambia nipunguze sauti, wako karibu, wananisikia. Mimi nageuka upande wa yale mabati, naendelea tu.